Siku 45 zimepita na trekta iko shambani: namna ya kuomba muda na zuio katika kesi ya ardhi

Kila mvua za Desemba zikikaribia, maswali ni yaleyale. La kwanza: "Hukumu ya Baraza la Ardhi ilitoka zamani, sikukata rufaa, nifanyeje?" La pili: "Nimeshakata rufaa, mbona mwenzangu anaingiza trekta?"

Hayo ni mambo mawili tofauti. Kuongezewa muda kunakurudishia nafasi ya kusikilizwa tu, wala hakumzuii mtu kulima, kujenga au kuuza. Zuio linamzuia mtu, lakini halifufui muda uliokufa. Na rufaa yenyewe, hata ikiwa imefunguliwa ndani ya muda, haisimamishi kitu. Mwenye shida zote mbili anahitaji maombi mawili.

Mwongozo huu unamlenga mtu wa Dodoma Mjini, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa au jirani, mwenye mgogoro ulioanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Namba za vifungu zilizotajwa ni za toleo la sheria la 2019. Toleo la 2023 limeshaanza kutumika, kwa hiyo linganisha namba kabla ya kuziandika kwenye hati zako.

Kusanya hivi kwanza

- Nakala ya hukumu na ya tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu), zilizogongwa muhuri. Kama huna, nenda hatua ya 3 leo hii.
- Barua yako ya kuomba nakala, yenye muhuri wa kupokelewa.
- Risiti zote za malipo. Risiti ina tarehe, na tarehe ndiyo unayoihitaji.
- Vielelezo vya sababu ya kuchelewa: fomu ya kuruhusiwa hospitali, cheti cha kifo, tiketi ya basi, barua ya mtendaji.
- Maelezo ya ardhi. Kama imepimwa: namba ya kiwanja, kitalu na eneo. Kama haijapimwa: kitongoji, kijiji, kata, ukubwa kwa ekari, na majirani wa pande zote nne kwa majina.
- Kama ardhi ni ya marehemu: barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kuwa mtoto mkubwa hakutoshi, wala muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Mashauri mengi ya familia hufia hapa, kabla hata shamba halijatajwa.
- Picha za eneo kama lilivyo sasa. Ziwe na tarehe.

1. Jua ni muda gani hasa uliopita

Usiseme tu "nimechelewa." Kila hatua ina muda wake:

- Kujibu madai barazani: siku 21 tangu upewe wito.
- Kuomba shauri lililofutwa kwa kutokuhudhuria lirudishwe, au uamuzi wa upande mmoja uondolewe: siku 30, kwa Kanuni za Mabaraza za 2003, kanuni ya 11. Unaomba barazani hapohapo. Baraza likikataa, ndipo unakwenda Mahakama Kuu.
- Kukata rufaa kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu: siku 45, kwa kifungu cha 41(2) cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216.
- Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani: notisi ya rufaa ndani ya siku 30, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi.
- Kudai ardhi kwa mara ya kwanza: miaka 12.

Huo wa mwisho ni mnyama mwingine kabisa. Mahakama inaweza kukuongezea muda wa rufaa au wa maombi, lakini haina uwezo wa kukuongezea muda wa kufungua madai mapya. Miaka 12 ikiisha, mwenye uwezo huo ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, akishauriana na Mwanasheria Mkuu, na hawezi kuzidisha nusu ya muda uliowekwa. Kwa ardhi ya marehemu, miaka hiyo kwa kawaida huhesabiwa tangu alipofariki, hata kama msimamizi wa mirathi ameteuliwa jana.

2. Hesabu kwa kalenda, siyo kwa kichwa

Siku ya hukumu haihesabiwi. Hukumu ikisomwa Machi 3, 2025, siku ya kwanza ni Machi 4 na siku ya 45 ni Aprili 17. Mwezi mmoja na nusu si siku 45, na waliokosa kwa siku moja kwa hesabu hiyo ni wengi.

Siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo mahakama imefungwa, unaruhusiwa kufungua siku inapofunguliwa. Hukumu ya Machi 4, 2025 ingefikia siku ya 45 Aprili 18, Ijumaa Kuu, na siku ya kazi iliyofuata ilikuwa Jumanne Aprili 22. Usiufanye msamaha huo kuwa mpango wako. Hati sasa zinaingia kwa mtandao, na mpinzani atauliza kwa nini hukutuma.

Siku ulizosubiri nakala za hukumu na tuzo huondolewa kwenye hesabu, kwa kifungu cha 19 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Ila zinaondolewa zikionekana: lini uliomba, lini nakala zilithibitishwa, lini ulizipokea. Ukishazitoa, huenda ukakuta hujachelewa kabisa. Fanya hesabu hii kabla ya kulipa mtu akuandikie maombi ya muda usiyoyahitaji.

3. Omba nakala kwa barua, leo

Barua ya nusu ukurasa inatosha: namba ya shauri, majina ya pande zote, tarehe ya hukumu, na unachoomba (hukumu, tuzo, na mwenendo, yaani kumbukumbu za shauri lilivyosikilizwa). Chapisha mbili, moja igongwe muhuri masjala na ibaki kwako. "Nilimwambia karani kwa mdomo" haithibitishiki.

Anayekwenda Mahakama ya Rufani aandike barua hiyo ndani ya siku 30 tangu uamuzi na ampe mpinzani nakala. Asipompa, hawezi kuondolewa siku alizosubiri mwenendo wa shauri.

4. Chora jedwali la siku

Hapa ndipo maombi hupona au hufa. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika shauri la Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo, kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo. Vipimo vinavyotumika kila siku vimetoka katika shauri la Lyamuya Construction la 2010: eleza muda wote wa kuchelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupindukia, uonekane ulikuwa na bidii na siyo uzembe, na kama ipo, hoja nzito ya kisheria, kwa mfano uamuzi wenyewe kuwa na uharamu, yaani umevunja sheria.

Chukua karatasi, uigawe safu tatu: tarehe, kilichotokea, ushahidi. Mfano wa mtu wa Mpwapwa ambaye hukumu yake ilisomwa Machi 10, 2025, na nakala alizipata siku hiyohiyo:

Aprili 22 hadi Mei 2: amelazwa. Ushahidi: fomu ya kuruhusiwa. (Aprili 24, siku ya 45, imemkuta wodini.)
Mei 3 na 4: Jumamosi na Jumapili.
Mei 5: safari kwenda Dodoma. Ushahidi: tiketi.
Mei 6 hadi 8: hati zinaandaliwa. Ushahidi: kiapo cha aliyeziandaa.
Mei 9: kiapo kinaapwa, hati zinatumwa, ada inalipwa. Ushahidi: risiti.

Hakuna tundu. Sasa chukulia mtu huyohuyo katoka hospitali Mei 2 akafungua maombi Juni 20, na kiapo kinasema tu "niliugua." Ugonjwa ni wa kweli, cheti ni cha kweli, na maombi yanakataliwa, kwa sababu wiki saba baada ya hospitali hazina mwenyewe. Tena jaji atauliza ulifanya nini tangu Machi 11 hadi Aprili 21 ukiwa mzima. Weka jibu.

Sababu zinazokataliwa mara kwa mara: kutojua sheria, kukosa hela bila maelezo zaidi, uzembe wa wakili wako mwenyewe, na "nilikuwa kwenye mazungumzo ya kusuluhishana."

Sababu zenye nguvu: kulazwa hospitali, kucheleweshewa nakala ulizoziomba mapema, kutopewa wito kabisa, na kile kinachoitwa uchelewaji wa kiufundi. Huo ni pale ambapo rufaa ya kwanza uliifungua ndani ya muda, ikaondolewa kwa kasoro, ukarudi haraka. Hoja ya uharamu nayo ina nguvu, kwa mfano Baraza kusikiliza jambo lililozidi uwezo wake (milioni 300 kwa kudai umiliki wa ardhi au nyumba). Lakini uharamu uonekane wazi kwenye kumbukumbu. Kama unahitaji kurasa kumi kuueleza, huo ni sababu ya rufaa, si sababu ya kuongezewa muda.

5. Andika kiapo kisichobomoka

Maombi yana karatasi mbili: hati ya maombi, ile mawakili wanaiita chemba samansi, na hati ya kiapo. Kiapo ndicho ushahidi wako.

Kila aya iwe na jambo moja na tarehe yake. Andika unayoyajua mwenyewe, na pale ulipoambiwa na mtu, mtaje. Ukimtaja karani, daktari au msaidizi wa sheria kuwa ndiye sababu, naye aape kiapo chake, la sivyo maneno yake yanabaki uvumi. Usibishane sheria ndani ya kiapo na usiombe kitu humo. "Naiomba mahakama" ni maneno ya hati ya maombi.

Mwishoni weka uthibitisho: aya zipi ni za ufahamu wako na zipi umeambiwa. Kisha mbele ya kamishna wa viapo, hakikisha jina lake, mahali na tarehe vimeandikwa kabla hujaondoka. Kiapo kisicho na tarehe au mahali pa kuapia hutupwa, na ukirudi kuandika kingine umeongeza siku nyingine za kuelezea.

6. Fungua mahali sahihi

Muda wa rufaa kutoka Baraza la Wilaya unaombwa Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Dodoma, siyo barazani. Kifungu ni 41(2) cha Sura ya 216. Ukiandika kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo peke yake, unajitafutia pingamizi la awali la bure, yaani mpinzani kutaka maombi yatupwe kabla ya kusikilizwa. Muda wa kurudisha shauri lililofutwa unaombwa Baraza lenyewe, na huko kifungu cha 14 ndicho mahali pake.

Mahakama zinapokea hati kwa mfumo wa mtandao. Ukituma, lipa ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo siku hiyohiyo. Mabishano kuhusu iwapo hati imefunguliwa ilipotumwa au ilipolipiwa yapo, na hakuna sababu ya kesi yako kuwa uwanja wake. Mfumo ukigoma, piga picha ya skrini yenye tarehe na saa, kisha uende masjala ukaandikishe tatizo.

Usifungue rufaa kwanza ukitegemea muda utaombwa humohumo. Rufaa iliyochelewa hutupwa hata kama mpinzani hakusema neno.

7. Omba zuio, kwa hati ya peke yake

Usiyachanganye maombi ya muda na ya zuio kwenye hati moja. Wapo majaji wanaoyaruhusu na wapo wanaoyafuta kwa kuwa ya mseto. Fungua mawili, na la zuio liambatane na hati ya dharura, ile inayoeleza kwa nini lisikilizwe haraka.

Kabla ya kuandika, angalia hukumu inasema nini, kwa sababu dawa hutofautiana.

Hukumu ikikuamuru utoke, ubomoe au ulipe, kuna kitu cha kukazwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya sheria, na unachoomba ni kusimamisha ukazaji wa hukumu. Mshindi hawezi kujiingilia tu na jembe. Anatakiwa aombe Baraza likaze hukumu, na Baraza hukupa siku 14 utii kwa hiari. Siku hizo ndizo nafasi yako. Kwa shauri lililofika Mahakama ya Rufani, maombi ya kusimamisha ukazaji yana muda wake: siku 14 tangu upewe notisi ya ukazaji.

Hukumu ikiwa imeyatupa tu madai yako, hakuna cha kusimamisha. Unachohitaji ni amri ya zuio la muda dhidi ya mtu. Watu huomba kusimamisha hukumu isiyo na amri yoyote, wanashindwa, na wiki zimekwenda.

Kama shauri la msingi bado lipo barazani, zuio la muda liko chini ya Amri ya XXXVII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ambayo Baraza huitumia pale kanuni zake zinapokuwa na upungufu. Lazima shauri la msingi liwe limefunguliwa, kwa maana zuio halielei hewani. Na shauri la msingi, tangu marekebisho ya 2021, halisikilizwi bila cheti cha Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zikipita bila suluhu. Kwa hiyo anayeona msingi wa nyumba unachimbwa leo Nala au Ihumwa aende Baraza la Kata leo. Baraza la Kata lenyewe halina tena uwezo wa kuamua wala kutoa zuio. Karatasi yake ya "kusimamisha ujenzi" haimfungi mtu.

Vipimo vya zuio vinatoka shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969, na ni vitatu, vyote kwa pamoja. Pawepo swali zito la kuamuliwa, lenye dalili kwamba unaweza kushinda. Bila zuio upate hasara isiyofidika. Na uzito wa madhara uelemee kwako kuliko kwake.

Cha pili ndicho kinachowaangusha wengi. "Nitapata hasara kubwa" haitoshi, kwa kuwa hasara ya gunia kumi za alizeti inalipika kwa fedha, na mahakama itakwambia udai fidia. Onyesha kisicholipika: makaburi ya familia yatakayolimwa, mizabibu ya miaka mingi itakayong'olewa, nyumba mnayolala itakayobomolewa, eneo linalokatwa viwanja na kuuziwa watu kumi ambao itabidi uwashtaki wote. Weka picha, namba ya usajili ya gari linaloshusha mawe, na tarehe.

Mahakama inaweza kutoa amri ya haraka bila kumsikiliza mwenzako, pale tu kumpa taarifa kwanza kunapoweza kulifanya zuio lisiwe na maana. Kama umejua tangu Agosti na unakuja Desemba na hati ya dharura, dharura hiyo umeitengeneza mwenyewe.

8. Amri ikitoka

Isome kabla hujaondoka. Je, inataja ardhi kwa mipaka, inataja nani anazuiwa, kufanya nini, hadi lini? Amri inayosema "shamba la Mpunguzi" bila mipaka haitekelezeki. Omba irekebishwe papo hapo.

Impelekee mpinzani kwa mpeleka wito wa mahakama, mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Akikataa kusaini, mpeleka wito aandike kiapo cha kukataliwa. Akikaidi baada ya hapo, usiende na vijana kung'oa nguzo. Rudi mahakamani kwa kiapo na picha mpya. Mkaidi anaweza kukamatiwa mali au kuwekwa jela ya madai hadi miezi sita.

9. Zuio lina siku ya kufa

Zuio la Amri ya XXXVII haliwezi kuzidi miezi sita. Linaongezwa kwa maombi, na jumla isizidi mwaka mmoja, tena ukionyesha kwamba umekuwa ukisukuma shauri la msingi. Lililotolewa Juni linaisha Desemba, wakati wa kupanda. Andika kwenye kalenda tarehe ambayo zuio litatimiza miezi mitano, na siku hiyo upeleke maombi ya kuliongeza. Zuio lililokwisha haliongezwi, unaanza upya.

Na usilale kwa kuwa unalo. Barazani, shauri lisilochukuliwa hatua kwa zaidi ya miezi mitatu linaweza kufutwa, na zuio linaondoka nalo.

Ukikwama

*Mpinzani ni Jiji, halmashauri au kijiji.* Baraza la Wilaya si mahali pake. Unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na unafungua Mahakama Kuu. Kwa bomoabomoa isiyosubiri siku 90, Mahakama Kuu huombwa zuio la Mareva, lile linaloombwa kabla kesi haijafunguliwa, hadi notisi iishe. Hili lifanye na wakili.

*Baraza limekataa zuio.* Uamuzi mdogo wa aina hiyo kwa kawaida haukatiwi rufaa mpaka shauri liishe. Tumia nguvu yako kuomba shauri la msingi lipangiwe tarehe za karibu.

*Ardhi ina hati na unaogopa itauzwa.* Mbali na zuio, peleka kaveati kwa Msajili wa Hati. Inafunga uhamisho kwenye daftari, haifungi trekta.

*Maombi yameondolewa kwa kasoro, hayakutupwa.* Soma neno lililotumika. Yaliyoondolewa unaweza kuyarudisha yakiwa yamerekebishwa. Rudi ndani ya siku chache, na siku zile ziingie kwenye jedwali lako pamoja na nakala ya amri.

*Huna hela ya wakili.* Waone wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya yako. Nenda na jedwali la hatua ya 4 likiwa limeshajazwa. Na tarehe uliyofika kwao iandikwe mahali, maana nayo ni siku ya kuelezea.